Nyuzi nne za nani? Historia ya kabari chini ya kisigino

Chukua kiatu cha mtu mwenye nyayo bapa ambaye amepitia kliniki, toa ile soli ya ndani aliyotengenezewa, kisha igeuze. Chini ya kisigino utaona kipande kimebandikwa, kinene upande wa ndani wa mguu na chembamba upande wa nje. Hiyo ndiyo kabari. Ni ndugu yake ile kabari ya kupasulia magogo, ila hii haipasui kitu, inainamisha tu. Na kwenye karatasi iliyoagiza itengenezwe kumeandikwa kitu kama: kisigino, nyuzi 4, upande wa ndani. Leo tunauliza swali la kishamba kabisa. Nyuzi 4 za nini? Nani alizipima, wapi, na kwa nini 4 na siyo 3 au 7?

Tuanze na hesabu kidogo, maana ni ya kidato cha pili na itatufaa mbele ya safari. Pembe ya kabari inatokana na kimo chake na upana wake. Kisigino cha soli ya mtu mzima kina upana wa kama milimita 60. Ukiinua ukingo mmoja kwa milimita 4, tanjenti ya pembe ni 4 gawanya kwa 60, yaani 0.067, na pembe yenyewe inakuwa nyuzi 3.8. Mafundi karakana hawahangaiki na tanjenti. Wao wana njia ya mkato: milimita moja, nyuzi moja. Na njia hiyo haikutoka hewani. Radiani moja ni nyuzi 57.3, kwa hiyo kabari yenye upana wa milimita 57 hivi hupata karibu nyuzi moja kamili kwa kila milimita ya kimo. Visigino vya watu wazima vinaangukia palepale. Ni bahati ya maumbile tu, kama vile mwezi unavyotosha kuziba jua lote wakati wa kupatwa.

Lakini njia ya mkato ina mwisho wake. Peleka kabari ileile ya milimita 4 mbele, chini ya vidole, ambako soli ina upana wa milimita 90, na pembe inashuka hadi nyuzi 2.5. Irudishe kwenye kisigino cha mtoto chenye upana wa milimita 40, na pembe inapanda hadi nyuzi 5.7. Kimo ni kilekile, pembe tatu tofauti. Kumbuka hili, kwa sababu kwa muda mrefu sana watu hawakuagiza pembe. Waliagiza kimo.

Liverpool: nusu robo ya inchi

Kabla ya hapo kulikuwa na ngozi tu. Mwaka 1845 Lewis Durlacher, tabibu wa miguu wa familia ya kifalme ya Uingereza, aliandika kitabu kuhusu sugu na matatizo mengine ya miguu, na humo akaeleza jinsi ya kuweka tabaka za ngozi ndani ya kiatu ili kuondoa mgandamizo mahali penye maumivu. Hakukuwa na pembe wala kipimo. Unajaza palipo na uwazi, unapunguza panapouma, basi.

Aliyeleta kabari kama kabari ni Hugh Owen Thomas (1834–1891). Kwao walikuwa waganga wa kuunga mifupa, watu wa kisiwa cha Anglesey huko Wales. Baba yake, Evan Thomas, hakuwa na cheti chochote cha udaktari na alishitakiwa mara kadhaa kwa sababu hiyo. Mtoto akasomea udaktari rasmi, lakini mikono ilibaki ya nyumbani: alikuwa na karakana yake mwenyewe ndani ya nyumba, mtaa wa Nelson, Liverpool, na Jumapili alitibu maskini bure, wengi wao watu wa bandarini na familia zao. Wanaosomea tiba wanamjua kwa gango la Thomas, lile la kunyoosha paja lililovunjika, ambalo mpwa wake Robert Jones alilisambaza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na kuokoa askari wengi.

Sisi tunamtaka kwa jambo dogo zaidi: kisigino cha Thomas. Mtoto ambaye visigino vyake vinalala kuelekea ndani alipelekwa kwa fundi viatu na maagizo mawili. Kwanza, refusha kisigino cha kiatu upande wa ndani kisogee mbele kidogo, kiende kukaa chini ya tao la mguu. Pili, upande huohuo wa ndani ongeza unene. Robert Jones na wafuasi wake waliendelea kukiagiza, na kwa Kiingereza kikaitwa kisigino kilichopinda na kurefushwa. Unene wa kawaida ulikuwa nusu robo ya inchi, wakati mwingine robo kamili.

Kwa nini inchi na siyo nyuzi? Kwa sababu msomaji wa maagizo hayo alikuwa fundi viatu. Fundi ana ngozi mezani, ngozi ina unene, unene unapimika kwa rula. Kipimapembe hana, na angekuwa nacho angekiweka wapi? Kwa fundi, nusu robo ya inchi ni kipande cha ngozi unachokishika mkononi. Sisi tunaona hilo lilikuwa chaguo la busara kwa wakati wake.

Ila piga hesabu. Nusu robo ya inchi ni milimita 3.2. Kwenye kisigino cha mtu mzima cha milimita 60 hiyo ni nyuzi 3. Kwenye kisigino cha mtoto cha milimita 40 ni nyuzi 4.6. Maana yake, kwa miaka mingi watoto wadogo walikuwa wakipewa mwinamo mkubwa mara moja na nusu kuliko wazazi wao, na kwenye karatasi ilionekana ni dawa ileile kwa kipimo kilekile. Kwenye vidonge tusingekubali. Dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo zake.

Chuma cha Whitman

Ng'ambo ya Atlantiki, Royal Whitman alichukua njia nyingine. Alianzia Boston, akahamia New York kwenye hospitali iliyoitwa kwa jina ambalo leo lingezua kelele, "Hospitali ya Wenye Ngiri na Vilema". Kuelekea mwaka 1889 alianza kuchapisha kuhusu nyayo bapa, na akatengeneza bamba lake la chuma: unachukua umbo la mguu kwa plasta (ile nyeupe ambayo mtaani tunaiita hogo), unautoa mguu, unamimina plasta nyingine ndani upate sanamu ya mguu, kisha unagonga bamba la chuma juu ya sanamu hadi lifuate umbo.

Bamba la Whitman lilikuwa na ukuta upande wa ndani na mwingine upande wa nje, na halikukusudiwa kuwa kitanda laini. Mguu ukilala ndani, ukuta unausukuma, unauma, na mtu anajifunza kuuinua kwa misuli yake mwenyewe. Kwake kabari ilikuwa ni mwalimu mwenye fimbo. Waliolivaa hawakulipenda sana, na tunawaelewa.

Kwa historia yetu, jambo kubwa ni ile sanamu ya plasta. Kuanzia hapo, kipimo hakikuwa tena unene wa ngozi chini ya kiatu. Kilihamia kwenye umbo la mguu wenyewe, ulioshikwa kwa mikono ya daktari wakati plasta inakauka. Na hapo ndipo swali jipya linapozaliwa: aushike vipi? Mguu ni kitu kinachopinda. Ukiushika ukiwa umelala ndani, sanamu itakuwa na nyayo bapa. Ukiukunja kidogo kuelekea nje, sanamu itakuwa na tao zuri. Kila daktari alikuwa anapata sanamu ya mkono wake.

Wakati huohuo biashara haikusubiri sayansi. Mwaka 1904 William Scholl wa Chicago alitoa kifaa chake cha kwanza cha kuinua tao, kikauzwa dukani kwa saizi kama viatu. Hakuna aliyekupima. Unachagua, unalipa, unaondoka.

Mwaka uliofuata, 1905, daktari wa mifupa wa St. Louis, Phil Hoffmann, alichapisha uchunguzi wa nyayo za watu wasiovaa viatu, wa Ufilipino na wa Afrika ya Kati, akalinganisha na za wavaa viatu. Lugha yake juu ya watu hao ni ya enzi zake na haifai kurudiwa. Lakini alichokiona ni muhimu: matao ya watu hao yalikuwa ya kila kimo, ya juu, ya kati na ya chini, na kimo cha tao hakikueleza nguvu wala manufaa ya mguu. Yaani wakati Ulaya na Marekani wanashindana kuinua matao ya watoto wao, ushahidi kwamba tao la chini linaweza kuwa la kawaida tu ulishachapishwa kwenye jarida la mifupa la Marekani. Haukubadilisha mengi. Mwaka 1947 Harris na Beath walirudi na hoja hiyohiyo kwa sauti kubwa zaidi, baada ya kuchunguza miguu ya askari zaidi ya 3,600 wa Kanada: nyayo bapa zinazonyumbulika, zisizokakamaa, mara nyingi hazina shida yoyote.

Root na mstari wa kisigino

Sasa tufike California, kwenye chuo cha tiba ya miguu cha San Francisco, miaka ya 1950. Huyu Merton Root ndiye aliyetuletea nyuzi. Wazo lake lilikuwa la kihandisi, na lazima tukiri lina mvuto mkubwa. Chini ya kifundo cha mguu kuna kiungo kati ya mfupa wa talasi na mfupa wa kisigino. Ndicho kinachoruhusu kisigino kulala ndani au nje. Root akasema: kila kiungo kina mahali pake pa katikati, pasipo ndani wala nje. Mlaze mgonjwa kifudifudi, shika mguu wake, papasa talasi kwa kidole gumba na cha shahada, sogeza mguu huku na huku mpaka usikie talasi haijitokezi upande wowote. Hapo ndipo katikati. Hapo ndipo unapouchukulia plasta.

Kisha unachora mstari. Mstari mmoja nyuma ya kisigino, unaokigawa kati kwa kati kutoka juu hadi chini. Mwingine nyuma ya mguu juu ya kifundo. Pembe kati ya mistari hiyo miwili unaipima kwa goniometa, ambayo kimsingi ni rula mbili zilizounganishwa kwa bawaba na kipimapembe. Ukiisha kujua kisigino kimeinama nyuzi ngapi kikiwa katikati ya kiungo chake, unajua pengo lililopo kati ya mguu na ardhi. Kabari inajaza pengo hilo, ili ardhi "ipande" kukutana na mguu badala ya mguu kuanguka kukutana na ardhi.

Vitabu vyake na wenzake, Orien na Weed, cha uchunguzi mwaka 1971 na cha utendaji kazi wa mguu mwaka 1977, vilifundishwa Marekani, Uingereza, Australia na kwingineko. Na ndani ya mfumo huo ndimo nyuzi 4 zinamotoka. Kabari ya kawaida ya kisigino ilisagwa kwa nyuzi 4 upande wa ndani, pamoja na uwazi wa nyuzi 4 za mwendo, ili soli iweze kubingirika kidogo wakati kisigino kinagusa ardhi badala ya kukaa kama jiwe. Karakana zikaifanya kuwa kipimo cha msingi: daktari asipoandika kitu, unapewa 4.

Kwa upana wa milimita 60, nyuzi 4 ni milimita 4.2. Nene kiasi cha sarafu mbili tatu zilizopangwa. Ukifikiria mlolongo wote wa kupapasa, kuchora, kupima, kumimina plasta na kusaga, unaona kwamba kosa la nusu milimita popote pale ni nusu nyuzi. Sasa, je, ule mlolongo una makosa kiasi gani?

Hapo ndipo mambo yakaanza kuwa magumu. Mwaka 1988 Elveru, Rothstein na Lamb walichapisha jaribio ambalo kwa kweli lingepaswa kufanywa miaka 20 kabla: waliwapa wataalamu wa fiziotherapia wagonjwa walewale wawapime, kisha wakalinganisha majibu. Kuna kipimo cha makubaliano ambacho 1 ni kukubaliana kabisa na 0 ni kama kila mtu anabahatisha. Mtaalamu akirudia kupima mwenyewe, alipata karibu 0.77, si mbaya. Lakini wataalamu wawili tofauti kwa mguu huohuo, katika kutafuta ile katikati ya kiungo, walipata 0.25. Yaani mkono wako unakubaliana na wewe, haukubaliani na mkono wa jirani.

Ukitulia unaona sababu. Mstari wa kisigino unachorwa kwenye ngozi, na ngozi inateleza juu ya mfupa. Mfupa wa kisigino si mche mraba, hauna ukingo ulionyooka unaoweza kuufuata. Mkono mmoja unasukuma kidogo, mwingine kidogo zaidi. Kuzungumza juu ya kabari ya nyuzi 4 wakati kipimo cha kuanzia kinaweza kuyumba kwa nyuzi kadhaa ni sawa na kupima chumvi kwa mizani ya kahawa gulioni.

Miaka michache baadaye McPoil na Cornwall waliweka kamera. Walitaka kuona kisigino cha mtu anayetembea kinapita wapi. Kwa Root, katikati ya kiungo palikuwa ndipo mguu mzuri unapaswa kupita katikati ya hatua. Kamera ikaonyesha kisigino kinacheza kuzunguka mahali pengine: mahali ambapo mtu husimama tu amejilegeza. Na mwaka 2017 kundi la Uingereza lililoongozwa na Hannah Jarvis lilipima watu 100 wasio na maumivu yoyote kwa mfumo wa Root. Wengi wao wangehesabiwa kuwa na kasoro. Na kasoro hizo hazikutabiri jinsi walivyotembea.

Nyuzi 25 ambazo ni 5

Turudi nyuma kidogo, maana karakana zilikuwa na historia yao wenyewe. Mwaka 1986 Richard Blake, tabibu wa miguu aliyekuwa akitibu wakimbiaji huko San Francisco, alieleza soli yake ya kupindua. Wakimbiaji wake walilala ndani sana, na kabari ya nyuzi 4 haikuwafikisha popote. Akaanza kuinamisha sanamu yote ya plasta kabla ya kulaza juu yake plastiki ya moto: nyuzi 15, 25, wakati mwingine 35. Na kwa uzoefu akaweka kanuni: kila nyuzi 5 za sanamu hutoa nyuzi 1 kwenye kisigino cha mtu. Kwa hiyo nyuzi 25 za plasta ni nyuzi 5 za mguu.

Tunaipenda kanuni hii kwa sababu ya uaminifu wake. Inakubali waziwazi kwamba nambari iliyo kwenye kifaa na nambari iliyo mwilini ni nambari mbili. Zile nyingine nne zinaenda wapi? Nyingine zinamezwa na nyama ya kisigino, ambayo ni mto wa mafuta wenye unene wa sentimita moja na zaidi. Nyingine zinapotea kwenye umbo la bakuli: soli ya ndani haina uso bapa ambao unaweza kuulaza kipimapembe, ina kikombe, na kisigino kinaweza kuteremka ndani ya kikombe badala ya kuinama pamoja nacho. Nyingine zinaliwa na kiatu chenyewe, ambacho sakafu yake ya ndani mara nyingi haikunyooka.

Halafu mwaka 1992 akaja Kevin Kirby, mwanafunzi wa shule hiyohiyo ya California, akageuza swali. Alichonga sehemu ya ndani ya kisigino cha sanamu kwa bapa lenye mwinamo wa nyuzi 15, kina cha milimita 2, 4 au 6. Matokeo yake ni kabari ndogo iliyofichwa ndani ya kikombe cha kisigino. Angalia alivyoagiza: mwinamo haubadiliki, kinachobadilika ni kina. Yaani tumerudi kwenye milimita za fundi viatu wa Liverpool.

Hoja yake ilihusu mhimili. Kiungo kile cha chini ya kifundo kina mhimili wa kuzungukia, na umelala mshazari ndani ya mguu. Manter alipima mwaka 1941 kwa miguu ya maiti akapata wastani wa nyuzi 42 kutoka kwenye ardhi na 16 kutoka kwenye mstari wa mbele na nyuma. Isman na Inman walirudia mwaka 1969 wakapata wastani wa 41 na 23. Wastani si tatizo. Tatizo ni mtawanyiko: pembe ya kwanza ilianzia kama 20 hadi 68, ya pili 4 hadi 47.

Fikiria ule ubao wa watoto wa kupanda na kushuka, wenye egemeo katikati. Ardhi inasukuma juu kwenye unyayo. Msukumo ulio upande wa nje wa mhimili hukiinamisha kisigino ndani, ulio upande wa ndani hukiinua. Mtu ambaye mhimili wake umehamia sana ndani, karibu unyayo wote uko upande wa nje wa egemeo. Ukimwekea kabari ya nyuzi 4, sehemu kubwa ya kabari hiyo inasukuma upande mbaya au inasukuma kwa wenzo mfupi mno. Mwenzake ambaye mhimili wake uko katikati, kabari ileile inafanya kazi mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo, alisema Kirby, acheni kuuliza soli imeinama kiasi gani, ulizeni inatoa momenti kiasi gani kuzunguka mhimili wa huyu mtu. Kwa maoni yetu hapa ndipo fani hii ilipoacha kuwa useremala ikawa fizikia.

Na mfupa wenyewe unasemaje? Mwaka 2000 Stacoff na wenzake walichapisha jaribio ambalo linahitaji moyo kulisoma. Watu watano walikubali kupigiliwa pini za chuma kwenye mfupa wa kisigino na wa muundi, kwa ganzi, halafu wakakimbia na soli mbalimbali huku kamera zikifuata pini. Hapo hakuna ngozi ya kuteleza. Mabadiliko yaliyoletwa na soli yalikuwa madogo, na hayakuwa na mpangilio mmoja: kilichotokea kwa huyu hakikutokea kwa yule. Karibu na wakati huo Benno Nigg wa Calgary alikuwa akidai kwamba soli hazinyooshi mifupa sana kama tulivyodhani. Zinabadilisha jinsi misuli inavyofanya kazi, na mtu hukimbia vizuri anapojisikia vizuri.

Nani alilipa

Mpaka hapa unaweza kusema haya ni mabishano ya wataalamu. Lakini kuna watu waliokuwa wanavaa hivi vitu, na wengi walikuwa watoto.

Mwaka 1989 Dennis Wenger na wenzake huko Texas walitoa matokeo ya jaribio la watoto 129 wenye nyayo bapa zinazonyumbulika. Waligawanywa kwa kura katika makundi manne: viatu vya kurekebisha, kikombe cha kisigino, soli ya kutengenezwa kwa sanamu ya mguu, na kundi la kulinganisha lisilopewa chochote. Watoto 98 walifika mwisho, baada ya angalau miaka mitatu. Picha za eksirei zilipimwa pembe. Makundi yote yalipata nafuu, pamoja na lile ambalo halikutibiwa. Mguu wa mtoto ulikuwa unajijengea tao kwa wakati wake. Mwaka 1998 Driano na wenzake waliwauliza watu wazima waliokuwa wamevaa viatu vya namna hiyo utotoni. Walijiona duni zaidi kuliko wenzao ambao hawakuvaa, na wengi walikumbuka kutaniwa. Yaani walibeba kitu, ila si tao.

Mambo ni tofauti kwa mtu mzima mwenye maumivu ya kweli, na hapa kabari inageuzwa: nene upande wa nje. Wajapani Sasaki na Yasuda waliandika mwaka 1987 kuhusu kuiweka hivyo kwa wazee ambao gegedu la goti upande wa ndani limesagika. Kanuni ni rahisi, unahamisha mzigo kidogo kutoka ndani ya goti kwenda nje. Kerrigan na wenzake walipima mwaka 2002: kabari ya nyuzi 5 ilipunguza momenti kwenye goti kwa kama asilimia 6, ya nyuzi 10 kwa kama asilimia 8. Ona hapo. Umeongeza pembe maradufu, umepata asilimia mbili tu, na kabari ya nyuzi 10 ni kama kutembea ubavuni mwa kilima. Mwaka 2011 Kim Bennell wa Melbourne na wenzake walifuatilia watu 200 kwa mwaka mzima, nusu wakiwa na kabari ya nyuzi 5, nusu na soli bapa. Maumivu hayakutofautiana, na gegedu halikutofautiana.

Hii haimaanishi kabari ni uongo. Mtu ambaye mshipa unaoshikilia tao lake umechoka, kila hatua kisigino kinaanguka, anaijua tofauti dakika ileile unapomwekea. Lakini hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba tofauti hiyo inaanza kwenye nyuzi 4.

Siku hizi skana huchukua umbo la mguu kwa sekunde, kompyuta huchora kabari kwa desimali mbili, na mashine huichonga. Kwenye karakana nyingine, pamoja na zile ambazo mafundi wake wamefundishwa hapa kwetu Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichoko KCMC tangu 1981, plasta na mashine ya kusaga bado zipo na zinafanya kazi nzuri. Njia zote mbili zinakutana kwenye tatizo moja: povu gumu la kabari hubonyea. Tuseme ilitoka mashineni na nyuzi 4. Isimamie kwa kilo 80 kwa miezi mitatu, upande mnene umebonyea milimita moja, sasa ni nyuzi 3. Kwa hiyo ukitaka kuipima kwa haki, unailaza juu ya kioo bapa, unaweka ubao mdogo ndani ya kikombe cha kisigino, juu yake kipimamwinamo (hata kile cha kwenye simu kinatosha), unasoma. Kisha unaiwekea uzito na kusoma tena.

Wapo matabibu ambao wamegeuza utaratibu mzima. Wanakata vipande vyembamba vya povu, wanabandika kimoja kwa gundi ya karatasi chini ya soli, wanamwambia mgonjwa atembee hadi mlangoni na kurudi. Wanaongeza kingine, anatembea tena. Maumivu yakipungua wanasimama hapo, hata kama mistari ya kisigino inasema vingine. Ndipo wanapochukua rula, wanapima kimo na upana wa vile vipande vilivyobandikwa, wanapiga hesabu ya pembe, na kuiandika kwenye karatasi ya karakana.